Ukurasa wa Arobaini na Moja

Tamasha la vitabu, Kakamega. Meza yangu ilikuwa ya mwisho,
jirani na choo cha kulipia,
mguu wake mmoja mfupi; niliuwekea vizibo viwili vya soda.
Nakala hamsini, mtamba mmoja:
ndivyo tulivyopatana na mchapaji.
Mtamba alikuwa na mimba. Mke wangu hakosi kunikumbusha.

Kulia, Bwana Andayi aliuza mitihani ya miaka iliyopita,
Hisabati, Kemia, majibu yote nyuma,
na wazazi wakampangia foleni kama ya mbolea ya serikali.
Kushoto, Biblia na kalenda.
Katikati mimi na tabasamu langu,
ambalo kufikia saa nne lilikuwa limeanza kuniuma mashavu.

"Hii ni ya nini?"
Ni riwaya.
"Inatahiniwa?"
Haitahiniwi.
Akairudisha taratibu, kama mtu aliyeshika kitu cha matanga.

Mwalimu niliyesoma naye Shinyalu alijipiga picha tatu,
kitabu kifuani, meno yote nje,
kisha akakirudisha mezani. "Nitakuungisha mwisho wa mwezi."
Ilikuwa tarehe tatu.

Kufikia saa saba nilikuwa nimeuza kimoja,
kwa shemeji,
kwa mkopo.

Ndipo akaja Mmbone wa njugu, karatasi zimemwishia.
"Mwandishi, hukosi ya kutupa."
Nilikuwa nayo. Chini ya meza, katoni nzima:
ukurasa wa arobaini na moja, umerudiwa mara mia mbili,
upande mmoja maneno, upande wa pili weupe mtupu,
mashine ilijichapia hivyo fundi akisinzia.
Niliziweka za kuwashia moto nyumbani.
Nikampa. Nikatazama pembeni
akizisokota moja moja kuwa pembe,
akimimina njugu za shilingi kumi
juu ya sentensi niliyoiandika mara tisa.

Saa tisa mvua ikaja. Mvua ya kwetu haibishi hodi.
Watu wote wakajibana chini ya turubai,
wenye Kemia, wenye kalenda, waendesha boda na kofia zao,
na hapakuwa na la kufanya ila kutafuna.
Njugu zikaisha. Mvua haikuisha.
Mmoja akaikunjua karatasi yake. Na mwingine.
Nikasikia kitu ambacho sikuwa nimekisikia maishani,
watu arobaini wakisoma,
wakipangusa chumvi kwenye maneno yangu kwa kidole gumba.

Pale Rasoa amesimama nje ya kinu cha posho, usiku,
mkononi ufunguo usio wake,
na ndani, gizani, mtu anakohoa.
Ukurasa unakomea hapo.

"Nani ana arobaini na mbili?" mwendesha boda akauliza.
Hakuna. Wote walikuwa na ileile.
Nikainua kitabu. Imo humu.
"Pesa ngapi?"
Mia nne.
"Mia nne kwa kikohozi!"
Wakacheka hadi turubai likamwaga maji shingoni kwa Bwana Andayi.
Wakachanga watatu, wakanunua kimoja,
wakaanza kugombana kitalala kwa nani.
Mama mmoja akalipa kwa simu; mtandao nao ulikuwa umelowa,
nikamwambia nenda nacho tu. Hadi leo sijaiona ile mia nne.
Binti wa sketi ya shule akasoma akiwa amesimama
arobaini na mbili, arobaini na tatu, akakifunga,
akakinyoosha pembe zake, akanirudishia kwa mikono miwili,
akatoka mvuani bila kukimbia.
Wakamwita: ni nani anayekohoa?
Hakugeuka.

Vinane. Nilirudi na arobaini na viwili.
Mke wangu alihesabu mara moja, akanyamaza,
akauliza tu karatasi za moto ziko wapi.
Zimeliwa, nikasema.
Nikamtolea njugu zake, zingali ndani ya pembe.
Akaketi karibu na taa, akaanza kuikunjua.
Mimi nikatoka kwenda kufunga zizi,
zizi lisilo na kitu,
nikakawia huko makusudi.